Kava ya Asaa Khatib

Asaa Khatib kaiweka simu juu ya kaunta
kifudifudi, kama samaki anayemtilia shaka,
na mkono hajautoa.
"Mize, nambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Kava hii ina sumaku. Mke wangu kasikia
sumaku hunyonya betri usiku usiku,
kidogo kidogo, kama kupe."

Duka langu liko Wete, ukiteremkia bandarini,
futi sita kwa nane, feni moja,
na kopo la skrubu ambalo mwanangu Bikombo aliwahi kulimwaga
akalia yeye badala yangu.
Nilizikusanya kwa sumaku, magoti chini,
skrubu ndogo kama mbegu za mchicha
zikinirukia mkononi moja moja.
Bisibisi zangu zote zina sumaku nchani.
Mwaka wa kumi huu nazitia matumboni mwa simu za watu
na hakuna iliyokufa kwa hilo.
Zimekufa kwa maji ya chumvi.
Zimekufa kwa chaja za elfu mbili.
Moja ilikufa kwa ukuta; sikumuuliza mwenyewe
nani aliyeitupa.

Nikamwambia: hofu hii tumeirithi.
Marehemu baba aliweka kaseti ya maulidi juu ya spika,
ikarudi na sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.
Kaseti ni utepe, na utepe sumaku huufuta.
Simu haina utepe. Picha zako zimekaa kwingine,
na betri haijui kama kuna sumaku duniani.
Betri inajua joto.
Umeisahau ile ya msimu uliopita?
Uliilaza juani, pembeni ya jamvi la karafuu,
imevaa kava, inachajiwa,
ukaniletea imevimba kama andazi, kioo kimeinuka,
ndani inanuka utamu usiokuwa wa karafuu.
Hiyo ndiyo niliyoiogopa.
Niliitoa nje kwa koleo, nikaifukia kwenye ndoo ya mchanga,
na usiku sikulala vizuri.

Akanyamaza. Lakini haondoki.
"Basi mbona inanipoteza?"

Siku tatu alikuwa Kiuyu, kwenye kibanda cha wachumaji,
mvua haikatiki, mikarafuu imeziba mbingu pande zote.
Akaiuliza simu kibla,
akatandika mswala pale mshale uliposema.

Nikaivua kava. Nikaizungusha simu hewani,
nikichora nane, mara tatu.
Mshale ukatetemeka, ukatembea, ukatembea,
ukaja kutulia kaskazini,
ambako kwa sisi wa Pemba ndiko kibla iliko,
na mtoto wa chuoni hulijua hilo kabla ya alifu.
Nikaivisha tena.
Ukageuka, ukaelekea Tanga.

"Betri yako nzima," nikasema.
"Ilichoguswa ni dira."

Sijapata kuona mtu akihesabu vidole vile.
Tano, mara tatu. Midomo inakwenda, sauti haitoki.
"Zile za Kiuyu," kasema mwisho,
"zitakuwa zimefika?"

Mimi fundi simu. Nina jibu la kioo,
la spika, la tundu la chaja lililojaa vumbi.
Nilimwambia hilo akamuulize maalim.
Nilikuwa na neno jingine ulimini,
nikaogopa kuliongeza.

Hakulipa, sikudai. Simu kaitia mfukoni ikiwa uchi,
kava kaiacha pale pale.
Ipo mpaka leo. Skrubu zangu zinalala juu yake,
haziendi kokote hata Bikombo akiipindua.

Jioni ile, nikivuta mlango,
nilisimama na funguo mkononi
nikijiuliza ukuta upi ni wa kaskazini,
dukani mwangu mwenyewe.